Maswali na Majibu: Kompyuta zimefika, ubunifu umekwama wapi?

Mwezi huu tumekusanya barua za wasomaji wa Lubumbashi. Kila mmoja anauliza kwa njia yake kama simu, kompyuta na intaneti vinaisogeza nchi mbele katika ubunifu, au vinabaki pambo la biro, yaani ofisi. Barua tumezifupisha.

Jambo yenu, wakubwa. Profesa alituambia nchi hupangwa kila mwaka kwa ubunifu wake kama timu za ligi. Nani anahesabu, na intaneti inaingia wapi katika hesabu hiyo?
*Mwanafunzi wa uchumi, Kamalondo*

Orodha inayotajwa zaidi ni Faharasa ya Ubunifu Duniani. Siku hizi hutolewa na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu lenye makao Geneva. Ilianza 2007, na toleo la 2024 lilipanga nchi 133. Uswisi haijashuka nafasi ya kwanza tangu 2011.

Hesabu yenyewe si siri. Kuna nguzo 7 zenye viashiria karibu 80. Nguzo 5 zinapima kile nchi inachoweka ndani: taasisi, watu na utafiti, miundombinu, soko, na biashara. Nguzo 2 zinapima kinachotoka: maarifa na teknolojia, kisha kazi za ubunifu. Pande hizi mbili hugawana alama nusu kwa nusu, kwa hiyo kila nguzo ya kuingiza inabeba 10% na kila nguzo ya kutoa inabeba 25%. Intaneti imewekwa chini ya miundombinu, na humo inagawana nafasi na miundombinu ya jumla, kama umeme na usafirishaji, pamoja na mazingira. Theluthi moja ya 10% ni kama 3.3%. Nchi ikivuta faiba hadi kila kijiji bila kufanya jambo jingine lolote, hicho kipande cha 3.3% ndicho kitakachosogea moja kwa moja.

Uzito mkubwa zaidi uko upande wa pili, kwenye kile watu wanachotengeneza kwa hiyo intaneti: majina ya tovuti, programu za simu, msimbo unaowekwa GitHub, ghala la mtandaoni la waandishi wa programu. Hapo ndipo tunapopoteza alama bila kujua. Tovuti ya .com huhesabiwa kwa anwani ya aliyeisajili, na programu ya simu kwa makao ya mtengenezaji wake. Kijana wa Kamalondo akitumia jina la binamu aliye Brussels kwa sababu binamu ana kadi ya benki, alama imekwenda Ubelgiji. Tovuti ya .cd huhesabiwa upande wa Kongo.

Jambo la mwisho, na mtihani wako ukitaka mjadala, anzia hapa. Kiashiria kisicho na takwimu huachwa wazi. Nchi isiyo na takwimu za angalau theluthi mbili ya viashiria katika kila upande haipangwi kabisa. Kwa hiyo biro ya takwimu iliyolala inaweza kuiangusha nchi hata kama mafundi wake hawalali. Kenya na Rwanda zimetajwa miaka kadhaa kuwa zinatoa ubunifu kuliko pato lao linavyotarajiwa kutoa. Pato dogo si sababu ya kutosha.

Tuko na atelye ya soduri hapa komini ya Kenya. Tumebadilisha mashine ya kusaga sombe: mota ndogo, visu vinavyofunguka bila spana, na bakuli lisiloshika kutu. Wateja wanatoka mpaka Likasi. Jirani ameiiga ndani ya wiki mbili. Huu ni ubunifu unaohesabiwa? Na hizo dijitali zinanisaidia nini mimi ninayeshika chuma?
*Fundi, Kenya*

(Kwa wasomaji wa nje ya Katanga: Kenya ni komini ya Lubumbashi, si ile nchi ya Nairobi; soduri ni kuchomelea chuma, na sombe ni majani ya muhogo.)

Ni ubunifu kamili, papa. Mwongozo wa Oslo, ambao mataifa huutumia kupima mambo haya na ambao toleo lake la nne lilitoka 2018, unataka mambo mawili tu: kitu kiwe kipya au kimeboreshwa kwa tofauti ya kuonekana, na kiwe kimefika mikononi mwa watumiaji. Haudai maabara wala diploma. Tatizo ni kwamba uchunguzi wa ubunifu katika nchi nyingi huanzia kwenye makampuni yaliyosajiliwa yenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Atelye ya watu wanne haiulizwi.

Sasa dijitali. Usikimbilie kununua kompyuta. Simu uliyo nayo inatosha kwa kazi inayokosekana, nayo ni kuandika.

Kila kipande cha mashine kipe namba na jina: kisu 01, kisu 02, shafti 03. Chora kwa mkono, weka vipimo kwa milimita, piga picha mchoro. Kisha piga mashine yenyewe picha tatu: mbele, ubavuni, na ikiwa imefunguliwa, rula ikionekana ndani ya picha. Ukibadilisha chochote, hata bolti moja, ni toleo jipya: andika tarehe, kilichobadilika, na sababu. Halafu pima. Chukua kilo 5 za sombe, saga, hesabu dakika, rudia mara tatu, andika wastani pamoja na wati za mota. Mashine ikirudi kwa matengenezo, andika kilichoharibika na baada ya siku ngapi. Matengenezo 20 yakishaandikwa, utaona wazi kama ni kisu au ni beringi inayokula faida yako, badala ya kubishana na wasaidizi wako kwa kukisia.

Makosa tunayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza, picha zote ziko ndani ya simu moja, na simu inaibiwa sokoni. Jitumie nakala kwa barua pepe kila Jumamosi. La pili, michoro inatumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nayo inabanwa mpaka namba hazisomeki. Itume kama faili.

Kuhusu hilo bakuli: chuma cha pua cha daraja 304 kikiungwa kwa elektrodi ya kawaida, kutu itaanzia kwenye mshono ndani ya miezi michache. Tumia elektrodi ya 308L, na uandike hivyo kwenye toleo.

Jirani je? Sheria namba 82-001 ya 7 Januari 1982 inalinda uvumbuzi kwa hataza, yaani brevete, kwa miaka 20. Lakini brevete inataka kitu ambacho bado hakijajulikana, na wewe umeshakiuza hadharani. Kwa toleo hilo mlango huenda umefungwa. Kwa toleo lijalo, peleka maombi kwenye huduma ya miliki ya viwanda ya wizara ya viwanda kabla ya maonyesho, kabla ya picha kwenye Facebook, kabla ya mteja wa kwanza. Ukishaomba hapa, una miezi 12 ya kuomba pia katika nchi nyingine za Mkataba wa Paris ukiwa na tarehe ileile ya kwanza. Brevete ya Kongo hailindi kitu Zambia, na ya Zambia hailindi kitu hapa. Kama gharama ni kubwa, sajili angalau jina la mashine kama alama ya biashara na uligonge kwenye chuma. Mara nyingi jina humfaa fundi mdogo kuliko brevete. Jirani ataiga kisu, lakini mteja wa Likasi ataendelea kuuliza jina.

Biro yetu ilipata kompyuta 5 na printa 2. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Leo mama anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto anangoja siku zilezile. Kosa liko wapi?
*Karani wa serikali, Lubumbashi*

Swali hili limewasumbua wachumi wakubwa. Mwaka 1987 Robert Solow, mchumi wa Marekani, alisema kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija. Mwenzake Paul David akajibu mwaka 1990 kwa kurudi kwenye umeme. Mota za umeme ziliingia viwandani Marekani tangu miaka ya 1880, lakini faida kubwa haikuonekana hadi miaka ya 1920. Kwa nini? Viwanda vya mvuke vilikuwa na shafti moja ndefu darini inayozungusha mashine zote kwa mikanda. Wenye viwanda waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa pahali pale pale, shafti ikabaki, mikanda ikabaki, mpangilio ukabaki. Faida ilikuja pale kila mashine ilipopewa mota yake na kiwanda kikapangwa upya kwa kufuata njia ya kazi.

Biro yenu imeweka mota mpya kwenye shafti ya zamani. Fanyeni jaribio hili kabla ya kuomba vifaa vingine. Chukueni dosye 30 zinazofuatana. Kwenye kila moja bandikeni karatasi, na kila meza iandike saa ya kupokea na saa ya kutoa. Baada ya wiki mbili jumlisheni. Tuchukue mfano: dosye inapita meza 7, kazi halisi ni dakika 25, na kungoja ni siku 6. Kompyuta imepunguza kuandika kutoka dakika 10 hadi 4. Mama ameokoa dakika 6 katika siku 6. Kompyuta inafanya kazi yake vizuri sana. Imewekwa tu mahali ambapo hapakuwa na foleni.

Foleni mara nyingi iko kwenye saini. Mkubwa akisaini anapopata nafasi, kila kitu kinamngoja. Wekeni saa mbili maalum za saini kila siku, kwa mfano saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, na awepo mtu wa pili mwenye mamlaka ya maandishi. Hilo halihitaji umeme hata kidogo, na linaweza kuokoa zaidi ya kompyuta zote tano.

Baada ya hapo ndipo kompyuta ipewe kazi. Namba moja kwa kila dosye, itolewe mlangoni, isibadilike hadi mwisho: mwaka, namba ya biro, namba ya mfululizo. Tarehe zote ziandikwe kwa mtindo mmoja. Jina la mtoto lisiwe ufunguo pekee wa kutafutia, kwa sababu Ilunga na Kabamba mtakuwa nao mamia. Tafuteni kwa jina la mama pamoja na tarehe. Sheria inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto, basi programu ioneshe siku zilizobaki mara tarehe ya kuzaliwa inapoingizwa, ili wale walio karibu na mwisho wapitishwe kwanza.

Rejista ya karatasi msiitupe. Lakini kosa baya kuliko yote ni kuandika kila kitu mara mbili kwa mkono, kwenye rejista na kwenye kompyuta. Baada ya miezi mitatu makarani huchoka, wanaacha upande mmoja, na siku zote huachwa kompyuta. Ingizeni data mara moja, mchape ukurasa, muubandike kwenye rejista. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ilale nje ya jengo. Flashi za wageni zisichomekwe kwenye mashine ya rejista. Na nywila isijulikane na mtu mmoja tu, kwa sababu siku atakapohamishwa, mradi wote utahama naye.

Hii inahusiana vipi na ubunifu wa taifa? Estonia ilianzisha mwaka 2001 mfumo uitwao X-Road, unaoziwezesha ofisi za serikali kuulizana habari moja kwa moja, ili raia asidaiwe mara ya pili karatasi ambayo serikali tayari inayo. Juu ya njia hiyo benki, hospitali na makampuni madogo yalijenga huduma zao bila kuanza sifuri. Hapa kwetu Sheria ya Dijitali (Code du numérique) ya 13 Machi 2023, namba 23/010, imeshatambua maandishi na saini za kielektroniki. Sheria ipo. Kinachokosekana ni namba moja ya dosye isiyobadilika njiani, na hiyo mnaweza kuianza Jumatatu.

Tumetengeneza programu ya kuagiza bidhaa za soko. Inakwenda polepole, na wateja wengine wanasema wamelipa mara mbili. Seva iko Ulaya.
*Vijana watatu, Kampemba*

Polepole: kwenda na kurudi Ulaya kwa faiba ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kawaida hufika sehemu mbili za kumi. Ukurasa ukiomba vitu 30 kimojakimoja, ni sekunde 6 kabla hata ya mega za picha. Unganisheni maombi yawe 3 au 4, baneni picha zisizidi kilobaiti 80, na muulize mtoa huduma kama mtandao wake umeunganishwa na LUBIX, kituo cha Lubumbashi ambako mitandao hubadilishana data hapa hapa bila kuzungushwa ng'ambo. Seva ikiwa ndani ya mtandao kama huo, safari inakuwa ya milisekunde chache. Pimeni kwa simu ya bei ndogo yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Simu zenu nzuri zinawadanganya.

Kulipa mara mbili: mtandao unakatika baada ya M-Pesa au Airtel Money kukata hela lakini kabla ya jibu kurudi, mteja anabonyeza tena. Kila oda itolewe namba yake kabla ya malipo, na ombi la pili lenye namba ileile lisitoze. Liulize kwanza hali ya lile la kwanza. Na kila kiasi kihifadhiwe pamoja na sarafu yake. Programu iliyotengenezwa kwa nchi yenye sarafu moja inaweza kuandika 20 bila kusema ni dola au faranga, na hapa kwetu huo ni ugomvi wa mlangoni.

Migodi imejaa vipimo vya kielektroniki na malori yanayofuatwa kwa setilaiti. Huo si ubunifu wa nchi yetu?
*Mwanafunzi wa politekniki, UNILU*

Ni matumizi ya ubunifu. Hata faharasa tuliyoieleza juu huhesabu uagizaji wa teknolojia ya hali ya juu upande wa kuingiza, si wa kutoa. Swali ni nani hapa anaweza kuigusa. Kuna ngazi tatu: anayetoa kipuri kilichokufa na kuweka kipya, anayejua kwa nini kilikufa, na anayeweza kukitengeneza au kuandika upya programu yake. Vijana wengi wa Kongo wamezuiwa ngazi ya kwanza, si kwa ujinga, bali kwa sababu data ya mashine inakwenda moja kwa moja kwa mtengenezaji ng'ambo na neno la siri halitolewi.

Sheria ya ukandarasi mdogo ya 8 Februari 2017, namba 17/001, imeweka kazi za ukandarasi mdogo kwa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Nayo Sheria ya Madini (Code minier) ya 2018 inadai 0.3% ya mauzo iende kwenye miradi ya jamii. Lakini ukandarasi wa kusafisha biro na kupika bukari hauleti ngazi ya pili. Mkandarasi anayejua anachotaka huandika kwenye mkataba: kusoma data ya mashine bila kuomba kila mara, saa za mafunzo kwa kila mtu kwa mwaka, na vitabu vya ufundi kwa Kifaransa. Mambo hayo matatu hujadiliwa kabla ya saini. Baada ya saini hakuna anayepokea simu.

Ile RAM iliyokuwa ikikata unite zetu, ilidhuru nini zaidi ya mifuko?
*Muuza unite, Katuba*

RAM, tozo ya daftari la simu (Registre des Appareils Mobiles), ilianza 2020, ikafutwa 2022. Ilitoza dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ya 3G au zaidi. Angalia mpangilio wake: anayepanda kwenda intaneti analipa mara saba ya anayebaki nyuma. Kila simu iliyobaki 2G ni mteja mmoja aliyepungua kwa wale vijana watatu wa Kampemba.

Starlink imeruhusiwa. Si tatizo limekwisha?
*Mwenye kiosko cha intaneti, Ruashi*

Kibali cha Starlink, intaneti ya setilaiti, kilitolewa 2025, na kwa mahali pasipo na faiba ni habari njema. Ila sahani yake ya kupokea inakula wati kama 75, na umeme wa SNEL, shirika la umeme, unaotoka bwawa la Inga husafiri kilomita 1,700 za waya hadi Kolwezi kabla ya kutufikia. Pigeni hesabu ya siku bila umeme: sahani wati 75 kwa saa 8 ni 600, kompyuta ndogo wati 60 kwa saa 8 ni 480, jumla wati-saa 1,080. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema. Toa na hasara ya inveta, inabaki kama 540. Unahitaji mbili kwa kubanana, tatu kwa usalama. Za lithiamu za ukubwa huo zinatoa kama 920 kila moja, basi mbili zinatosha na kubaki. Paneli mbili za wati 200 zitazijaza wakati wa kiangazi. Kuanzia Novemba, mawingu yakishakaa, ongeza ya tatu.